Kiti Kando ya Kitanda cha Mzazi: Hotuba juu ya Mwandani wa Uzazi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa afya wa wilaya, wakunga wenzangu mlio kazini na mliostaafu kama mimi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mama zangu, dada zangu, na akina baba mliosoma neno "uzazi" kwenye kadi ya mwaliko mkasita kidogo lakini mkaja: ahsanteni. Leo ni tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Duniani, na kwa desturi siku hii huwa tunazungumza habari zetu wenyewe, uchache wetu, zamu zetu na posho zetu. Safari hii nimeomba, na kamati imenikubalia, nimzungumzie mtu mwingine, ambaye hayumo katika ikama ya kituo chochote cha afya ninachokijua, hana sare wala rejista, na ambaye katika miaka mingi ya utumishi wangu nilimtoa nje ya wodi kwa mkono wangu mwenyewe. Ni yule anayekaa na mwanamke tangu uchungu unapomshika hadi mtoto anapopatikana, kisha akaendelea kumwangalia nyumbani hadi atakapotoka arobaini.

Katika nchi za Ulaya na Marekani mtu huyo huitwa dula. Nilipolitaja jina hilo mara ya kwanza mbele ya wahudumu wa kata yetu, walicheka, kwa sababu hapa Tanga Dula ni Abdallah, na kila mmoja wao alikuwa na Dula wake, huyu fundi baiskeli, yule kondakta wa daladala. Lakini asili ya neno lenyewe haichekeshi. Ni neno la Kiyunani, na maana yake ya kale ni mtumwa wa kike, yaani kijakazi. Dana Raphael, mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyelitumia mwaka 1973 kwa maana ya mwanamke anayemtunza mama ili naye mama aweze kumtunza mtoto, na tangu hapo likaenea. Sisi tuliozaliwa katika mwambao huu, tunaopita Pangani na Bagamoyo tukijua ni watu gani waliopakiwa majahazini katika bandari zile, hatuwezi kulipokea neno la ujakazi kama mtu apokeaye salamu. Wapo wanaosema msindikizaji; wapo wanaosema mwenza, ingawa ukisema mwenza siku hizi watu wanaelewa mume au mke. Mimi mtaniruhusu niseme mwandani wa uzazi, kwa kuwa mwandani ni mtu wa ndani, na mzazi wetu naye, mpaka siku zake zitimie, husemwa kwamba "yuko ndani".

Jina linaweza kuwa jipya, lakini kazi yenyewe tulikuwa nayo. Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, hakuwa mkunga. Mkunga alikuwa mwanamke mwingine, wa mtaa wa pili, ambaye aliitwa kwa kazi ya kumpokea mtoto na kukata kitovu, akalipwa chake akaondoka. Bibi alikuwa somo. Aliwafunda wasichana wakiwa wari, akawapeleka kwa waume zao, na ulipofika wakati wa kuzaa aliitwa tena, akae nyuma ya mgongo wa mwanawe, amshike kiuno, amtie moyo, amkemee inapobidi. Wengi huzichanganya kazi hizi mbili wakadhani kwamba anayetaka kumrudisha mwandani anataka kumrudisha mkunga wa jadi azalishe majumbani. Sivyo, nami ningekuwa wa kwanza kupinga, kwa sababu nimeona damu inavyoweza kumwisha mwanamke kabla gari halijapatikana.

Kuna jambo katika desturi zetu za posa ambalo hunisaidia kulieleza hili. Mahari ikishatajwa, watu wa mwambao hutaja kilemba cha baba na mkaja wa mama, na pengine mbeleko. Vijana wanaolipa huweka noti katika bahasha, wakaandika juu yake "mkaja", na ukimuuliza mmoja wao mkaja ni kitu gani, hutazama chini. Mkaja ni ile nguo ambayo mama yake bibi arusi alifungwa tumboni baada ya kumzaa huyo anayeposwa; na mbeleko ni nguo aliyombebea. Jamii iliyoiweka nguo hiyo katika orodha ya posa ilikuwa inakumbuka, miaka 20 baada ya tukio, kwamba kuna mwanamke aliyeumia, akahitaji kufungwa, kukandwa, kuogeshwa na kulishwa. Na mkaja haufungiki vizuri kwa mikono ya mzazi peke yake, kwa hiyo anayekumbuka mkaja anaikumbuka pia mikono ya pili iliyoufunga. Bahasha tumebaki nayo, mikono ile tumeiacha mlangoni mwa hospitali.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu hospitali. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015 hadi 2016, asilimia 63 ya uzazi Tanzania ulifanyika katika vituo vya kutolea huduma. Katika utafiti wa mwaka 2022 ilikuwa asilimia 81. Katika tafiti hizo mbili, vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000, kisha 104. Makadirio ya namna hii hubeba mashaka yake, na wataalamu wa takwimu watabishana juu ya ukubwa wa pengo hilo, lakini mwelekeo wake hakuna mkunga wa umri wangu anayeukana, kwa sababu tumeuona wodini. Tuliwaomba wanawake waje, wakaja. Tulichosahau ni kwamba yule mwanamke nyumbani hakuwa akizaa peke yake, nasi tukampokea getini, tukachukua beseni lake, kanga zake na kadi yake ya kliniki, tukamwambia aliyemleta: "Wewe subiri nje."

Nina usiku mmoja ambao siwezi kuuacha bila kuusimulia. Kituo sitakitaja, wala hakikuwa kibaya kuliko vingine. Tulikuwa manesi wawili kwa wodi nzima ya wazazi, na leba ilikuwa imejaa. Kulikuwa na msichana wa miaka 19, mimba ya kwanza, njia ilikuwa imefunguka sentimita nne, na mama yake nilikuwa nimemtoa mimi mwenyewe, amekaa chini ya mwarobaini nje ya dirisha na chupa ya uji wa pilipili manga, hatua 20 hivi kutoka kitandani pa mwanawe. Msichana alinishika aproni akasema, "Dada nesi, usiende." Nilimwondoa vidole kimoja kimoja, kwa sababu kitanda cha sita kulikuwa na mama anayetokwa damu, na sikuwa na uchaguzi. Alijifungua alfajiri. Nikaandika katika rejista: amejifungua salama, mtoto wa kike, hai, kilo 3. Wiki sita baadaye alikuja kliniki, nami nikamuuliza habari za siku ile, akaniambia bila hasira yoyote, "Nilidhani nimeachwa nife." Rejista yetu ina safu ya uzito, safu ya damu iliyopotea, safu ya kondo la nyuma kama limetoka lote, neno lile sikuwa na safu ya kuliandika.

Uji ulipoa kwenye chupa, na mama yule akautumia asubuhi kunawia mikono. Hilo nalo nililiona.

Wale wanaokijua kisa cha Bibi Maryamu chini ya mtende watakumbuka kwamba uchungu ulipomshika akiwa peke yake, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile; na sauti iliyomjia haikumlaumu wala haikumhubiria, bali ilimwambia asihuzunike, ikamwonyesha maji, ikamwelekeza atikise shina aangushiwe tende mbivu, ale, anywe, atulie. Faraja, maji, chakula, na mtu wa kukuambia la kufanya na mikono yako. Nimesoma vitabu vingi vya ukunga tangu hapo, na orodha ya kazi za mwandani haijazidi sana hiyo.

Wapo kati yenu, hasa madaktari vijana, ambao kisa hakiwatoshi, nao wana haki. Mwaka 1980 madaktari Marshall Klaus na John Kennell, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya utafiti katika hospitali moja ya Guatemala, ambako wanawake wa mimba ya kwanza waligawanywa, wengine wakazaa kama ilivyokuwa kawaida ya pale, peke yao, na wengine wakapewa mwanamke wa kukaa nao ambaye hawakumjua na ambaye hakuwa mtaalamu wa chochote. Muda tangu kupokelewa hadi kujifungua ulikuwa wastani wa saa 19.3 kwa walioachwa peke yao, na saa 8.8 kwa waliokuwa na mtu. Mimi sipendi sana kuzitangaza saa hizo, kwa maana kila kundi lililolinganishwa lilikuwa na wanawake 20 tu, na utafiti mdogo huwa na makelele makubwa. Ule uliofuata, wa Houston mwaka 1991, ndio ninaoupenda, na nitawaambia kwa nini. Walikuwa wanawake 616, na makundi yalikuwa matatu: waliopata mwandani, wasiopata mtu, na waliokuwa na mwanamke aliyekaa chumbani mbali kidogo na kitanda, akiandika yanayotendeka bila kusema neno wala kumgusa mzazi. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 18 kati ya wasio na mtu na asilimia 8 kati ya waliokuwa na mwandani. Sasa sikilizeni la yule mwandishi aliyenyamaza: katika kundi lake walikuwa asilimia 13. Hakufanya lolote ila kuwapo, akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Karibu zaidi na kwetu, Botswana, utafiti uliotolewa mwaka 1999 uliwaruhusu wanawake 53 kati ya 109 wa mimba ya kwanza kuwa na ndugu wa kike ndani ya leba, na asilimia 91 kati yao walijifungua kwa njia ya kawaida, ukilinganisha na asilimia 71 ya wenzao. Ndugu wale hawakuwa na cheti. Na mwaka 2017 tafiti 26 za nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zilipokusanywa na kupimwa pamoja, ilionekana kwamba mwanamke aliyekaa na mtu mfululizo ana nafasi ndogo zaidi, kwa karibu robo, ya kuishia kwenye upasuaji, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hupungua uwezekano wa kuusimulia uzazi wake kwa uchungu wa moyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mapendekezo yake 56 juu ya huduma wakati wa uchungu mwaka 2018, liliweka humo kwamba kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Hakuna uchawi katika hili. Mwanamke mwenye hofu mwili wake hutoa homoni za kukimbia hatari, nazo huibana kazi ya oksitosini, ile inayousukuma mfuko wa uzazi. Aliye peke yake hulala chali, kwa kuwa hana wa kumwegemea akisimama. Haendi kukojoa, na kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Hanywi, kwa kuwa hana wa kumpa. Mwandani humtembeza, humsugua kiuno kwa kisigino cha mkono pale mfupa unapouma, humpa maji kwa funda, humkumbusha choo, humfuta jasho, humhesabia pumzi. Nesi akisema jambo kwa haraka, naye mzazi asilielewe, mwandani hulirudia kwa maneno ya nyumbani. Na kuna kazi ambayo sisi manesi hatuipendi mwanzoni, kisha tunaishukuru: anakaa, kwa hiyo anaona. Damu ikibadilika, mwanamke akianza kusema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, ni yeye atakayekuja kuniita nilipo kitanda cha sita.

Asichofanya nacho kisemwe waziwazi, maana hapa ndipo mambo huharibikia. Mwandani hapimi njia, hapimi presha, hatoi dawa, hakati kitovu, hamwambii mzazi akatae upasuaji aliouamua daktari, wala hamwambii aukubali, humsaidia kuuliza. Hatamki nje aliyoyaona ndani. Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, zile zinazotiwa kwenye chupa ya chai kwa siri, ziishie getini. Najua zinaingia. Nimewahi kumwona mwanamke wa uzao wa nne ambaye mfuko wa uzazi ulipasuka baada ya kunywa kikombe kimoja alichopewa na mtu anayempenda. Aliyempa alikuwa analia kuliko wote. Kumwingiza mwandani wodini bila mafunzo ya siku chache juu ya mambo haya ni kujitafutia ugomvi, na mganga mfawidhi anayesita kwa sababu hiyo simlaumu.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu. Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, taasisi ya Thamini Uhai ilishirikiana na serikali kuwaruhusu wanawake kuwa na mtu wa kukaa nao katika vituo tisa vya umma. Kikwazo cha kwanza mahali popote kama hapo ni faragha, kwa kuwa leba zetu ni chumba kimoja chenye vitanda vingi, na mtu akija kwa mmoja amekuja kwa wote. Kwa hiyo kabla ya kuhubiri juu ya mwandani, tununue mapazia. Pazia la kuvuta kati ya kitanda na kitanda si pambo. Ndilo litakaloamua kama mume wa mtu anaweza kuingia siku moja au hawezi.

Na kwa kuwa nimewataja waume, niseme mawili kwa akina baba. Sidai kila mwanamume aingie leba. Wapo wanawake wasiotaka, na chaguo ni la mzazi, si la mume wala la mama mkwe. Lakini mwandani mzuri hakufukuzi. Atakutuma kitu chenye maana, atakuambia hali ilivyo ili usikae nje ukivuta sigara kama mshtakiwa anayesubiri hukumu, na ukifika nyumbani atakufundisha kumshika mtoto bila kutetemeka.

Sasa niingie katika arobaini, ambako ndiko hasa moyo wangu uliko, kwa sababu leba ni usiku mmoja na arobaini ni siku 40.

Kitabibu, kipindi cha uzazi huhesabiwa kuwa siku 42 baada ya kujifungua. Bibi zetu walisema 40. Tofauti ni siku mbili, na hao hawakuwa wamekaa kikao. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataka mama aliyejifungua kituoni akae angalau saa 24, kisha aonwe kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Linganisheni na hali ilivyo: mzazi anaruhusiwa asubuhi kwa kuwa kitanda kinahitajika, anapanda bajaji akiwa na nyuzi, anafika chumba cha kupanga Ngamiani au Chumbageni, mume anarudi kazini siku ya tatu, mama yake yuko Lushoto au Songea hawezi kuja, na dada wa kazi, kama yupo, ni mtoto wa miaka 16 ambaye hajawahi kuogesha kichanga. Zamani nyumba ilijaa wanawake hata ukawachoka. Leo kuna simu, na katika simu kuna watu 200 wanaosema "hongera".

Mwandani wa arobaini haji kumwona mtoto. Wa kumwona mtoto ni wengi, na hunywa chai wakamwachia mzazi vikombe. Anakuja kumwona mzazi. Anauliza kama amekula kabla ya kuuliza kama mtoto amenyonya. Anapika supu au uji, anafua nepi, anamshika mtoto saa mbili ili mama alale usingizi ulio kamili. Anakaa naye wakati wa kunyonyesha, kwa sababu kunyonyesha, licha ya kusemwa kuwa ni jambo la maumbile, hufundishwa: mdomo wa mtoto ufunguke wazi, ashike sehemu kubwa ya weusi na si chuchu tu, kidevu kiguse titi. Matiti yenye michubuko nimeyaona mengi, na mengi yangeepukika kwa dakika kumi za mtu mwenye subira.

Desturi zetu za arobaini sizitukuzi zote kwa jumla. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto yanayochemka, hasa mwenye mshono, kumewaunguza wengi. Kitambaa cha vuguvugu kinatosha. Kumwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza, kwa kuwa ni ya njano na mazito, ni kumnyang'anya mtoto kinga yake ya kwanza, na asali au maji kabla ya miezi sita hayana kazi katika tumbo lile. Kitovu hakitaki majivu wala samadi. Lakini angalieni kilichobaki ukishayatoa hayo: mwanamke aliyelishwa vizuri, asiyeinua ndoo, asiyeombwa kulala na mumewe, anayelala mchana, anayezungukwa na watu waliokwisha kuzaa. Sijaona mpango wa wizara yoyote ulio bora kuliko huo, na haukuhitaji mfadhili.

Mwandani huzijua pia dalili ambazo hazingoji kesho. Damu inayolowesha pedi nzima kwa muda wa saa moja. Homa. Harufu mbaya. Kichwa kikali na ukungu machoni, maana kifafa cha mimba huweza kumpata mwanamke hata baada ya mtoto kutoka, jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mguu mmoja uliovimba na kuuma. Kwa mtoto, kukataa titi, kupumua kwa haraka, mwili kuwa wa moto au baridi, macho na ngozi kugeuka manjano. Akiona moja ya hayo, hamkandi mtu; anatafuta bajaji.

Na kuna maradhi yasiyo na damu. Tumezoea kusema mzazi "amechezewa", ana jini la uzazi, au anaringa tu kwa kuwa amezaa. Machozi ya siku chache za mwanzo, yanayokuja bila sababu na kuondoka, huwapata wengi na hupita yenyewe. Yakizidi wiki mbili, mama akawa halali hata mtoto akilala, hamtazami mtoto machoni, anasema hana faida, hiyo yaweza kuwa sonona, na ina matibabu. Akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku ileile, kabla ya mahali pengine popote. Tuna methali isemayo uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tunaitamka kwa heshima, lakini nimegundua mara nyingi tunaitumia kumnyamazisha: ni uchungu wako, wewe ndiye unayeujua, basi nyamaza nao.

Nimebakiza lililo gumu zaidi. Si kila mwanamke anayeingia leba hutoka na mtoto. Aliyezaa mtoto aliyekwisha kufariki, mara nyingi hulazwa katika wodi ileile ya wazazi, kati ya vichanga vinavyolia, kwa kuwa hakuna wodi nyingine. Ndugu huja, wanamwambia "Mungu atakupa mwingine", wanaondoka, na mtoto anazikwa na wanaume yeye akiwa bado kitandani. Kisha siku ya tatu maziwa yanajaa. Hakuna aliyemwambia kwamba yatajaa. Nimekaa na wanawake wazima, wenye elimu, waliopigwa na jambo hilo kuliko na kifo chenyewe, kwa sababu mwili wao haukuwa umepata habari. Mwandani hubaki hapo. Humuuliza kama anataka kumwona mtoto wake na kumpa jina, na hulitaja jina hilo baadaye bila kuogopa. Humwekea kitambaa baridi, humwonyesha namna ya kukamua kidogo tu apate nafuu pasipo kuyaita maziwa zaidi, na huangalia homa. Arobaini yake aliyefiwa ni arobaini kamili. Nifasi ni ileile, damu ni ileile, na nyuma ya mlango wake hakuna hata wale wa kunywa chai.

Mtaniuliza nani atamlipa. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani bima ya afya ya watu wa kipato cha chini hulipia kazi hii, California ikiwamo tangu mwaka 2023. Kwetu sitasubiri hilo. Wanaojiweza tayari hulipa, ingawa hulipa vibaya, kwa kumleta msichana wa kazi na kumbebesha kila kitu. Wasiojiweza wana mama, shangazi, jirani, rafiki wa tangu shule, na kwa hao hatuhitaji mshahara bali ruhusa ya kuingia na mafunzo mafupi kliniki, mjamzito na aliyemchagua wakae pamoja katika mahudhurio mawili ya mwisho. Kwa yule asiye na mtu kabisa, na hasa wasichana waliofukuzwa nyumbani kwa ajili ya mimba, naomba vikundi vyetu vya akina mama viwe na orodha ya wanawake watano walio tayari kuitwa usiku, na nauli yao itoke kwenye mfuko wa kikundi, isitoke kwa mzazi.

Na kwa waganga wafawidhi nina ombi dogo, ambalo nimelipima mwenyewe kwa utepe katika kituo cha karibu na nyumbani kwangu. Kati ya kitanda na kitanda mna nafasi ya kiti kimoja cha plastiki, kile kisicho na mikono, na pazia likivutwa bado kitoroli cha dawa kinapita. Vitanda ni vinne. Vikoba vyetu vimekubali kununua viti vinne na vitambaa vya mapazia, na fundi wa kushona yuko hapa ukumbini. Kinachosubiriwa ni saini.

Naona kule nyuma kuna mama mwenye kichanga kinacholia naye anahangaika kusimama atoke. Asitoke. Mpisheni kiti hicho cha pembeni, mmoja wenu amshikie mkoba anyonyeshe, halafu tuanze maswali.